Natawadha mara saba, lakini funguo naziacha mlangoni

Daktari, shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 23, mwenyeji wa Tanga, na niko mwaka wa tatu wa masomo ya uhasibu katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nikaifuta, kwa sababu nilishindwa kuamua nianze na tatizo lipi, kwa hiyo leo nayaandika kama yanavyokuja.

Tangu utotoni mimi ni msahaulifu na situlii. Nilipokuwa darasa la tatu nilipoteza viatu vya shule mara mbili katika muhula mmoja, na mara ya pili nilifika nyumbani pekupeku bila hata kujua, hadi mama aliponiuliza. Ripoti zangu zote za shule ya msingi zinasema maneno yaleyale: ana uwezo, ila hatulii na hamalizi kazi. Madrasa, ustadhi alikuwa akinikalisha karibu na goti lake ili nisihangaike. Hata sasa hali ni hiyohiyo. Mhadhara ukipita dakika kumi mimi nimeshaondoka kimawazo, kazi za chuo naziandika usiku wa mwisho, na kitambulisho cha chuo nimekipoteza mara tatu. Funguo za chumba naziacha zikining'inia mlangoni kwa nje hadi majirani wamezoea kuniita.

Tatizo la pili lilianza nikiwa na miaka 17, kidato cha tano. Ijumaa moja nilikuwa nikitawadha, likaja wazo kwamba maji hayakufika kwenye kiwiko cha kushoto. Nikarudia. Tangu siku hiyo udhu wangu umekuwa vita, na kuna siku narudia mara saba hadi jamaa msikitini wanatoa salamu ya kumaliza sala mimi bado nipo bombani. Baadaye, nilipohamia chumba cha kupanga na mwenzangu mmoja, niliacha maharage jikoni nikaenda kununua vocha, nikakutana na mtu njiani, na niliporudi sufuria ilikuwa imeungua na chumba kimejaa moshi. Kuanzia hapo nakagua mtungi wa gesi na kufuli la mlango kila ninapotoka. Narudi kutoka kituo cha daladala. Napiga picha ili nijiridhishe, kisha nashuku kwamba picha ni ya jana. Juzi nilihesabu picha za kufuli na mtungi zilizomo kwenye simu yangu nikakuta 214. Kwa jumla mambo haya yanakula saa tatu hivi za siku yangu, na kwenye mtihani nasoma swali moja mara nyingi kiasi kwamba muhula uliopita niliacha maswali mawili bila kuyagusa.

Nilikwenda hospitali moja ambako daktari alinisikiliza kwa muda usiofika dakika kumi, akaniandikia fluoksetini ya miligramu 20. Niliimeza kwa wiki mbili na nusu, tena kwa kurukaruka kwa sababu nilikuwa nasahau, sikuona lolote isipokuwa kichefuchefu, nikaacha. Halafu rafiki aliyesoma nje ya nchi akanipa vidonge vyake vitatu vya methilfenideti, dawa ya kuongeza umakini. Siku ya kwanza nilisoma saa mbili mfululizo bila kunyanyuka, jambo ambalo halijapata kunitokea. Usiku wake nilisimama mbele ya kufuli kwa dakika arobaini. Umakini uliongezeka kweli, Daktari, ila uliongezekea kwenye kufuli.

Mama anasema ni jini, na amenipeleka kwa sheikh nikasomewa. Nilipotaja hospitali ya magonjwa ya akili alilia, akasema kwetu hakuna mtu wa Mirembe.

Naomba kujua: nina ugonjwa mmoja au miwili? Kama ni miwili, unaanza kutibiwa upi? Dawa zake zinaweza kumezwa pamoja? Na mama nimwambieje?

Mkaguzi wa Kufuli, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani unayo yote mawili: ule ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na vitendo vya kulazimika, ambao hospitali tunauita kwa herufi OCD na ambao watu wa pwani wameujua siku zote kwa jina la wasiwasi, pamoja na upungufu wa umakini, yaani ADHD. Nasema nadhani kwa sababu nimesoma barua tu na sijakuona, na utambuzi hufanywa na daktari aliyeketi nawe kwa muda mrefu kuliko hizo dakika kumi ulizopewa.

Jambo lililonigusa zaidi katika barua yako ni yale maharage. Mtu mwenye wasiwasi pekee akiambiwa na daktari kwamba hajawahi kuacha jiko likiwaka, hukubali kwa akili ingawa moyo unakataa. Wewe ukiambiwa hivyo utacheka, na utakuwa na haki, kwa sababu wewe husahau kweli. Hapo ndipo matatizo haya mawili yanaposhikana mikono: upungufu wa umakini unakupa ushahidi halisi kwamba kumbukumbu yako haiaminiki, na wasiwasi unauchukua ushahidi huo na kuujengea kesi isiyokwisha. Ndiyo maana pia ushauri wa kawaida unakukwama. Ukienda kwa mtu anayejua umakini tu atakwambia upige picha, uandike orodha, ukague mara mbili, na hizo picha 214 ndizo matokeo yake. Ukienda kwa mtu anayejua wasiwasi tu atakwambia uiamini kumbukumbu yako na usitumie msaada wowote, na siku moja utaunguza sufuria nyingine. Matibabu yako yanapaswa kushonwa kwa vipimo vyako, ili dawa ya huku isiwe chakula cha kule.

Turudi kwenye swali lako la kwanza. Wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hili, na tafiti zilizohesabu ni wagonjwa wangapi wa OCD wana ADHD pia zimetoa majibu yanayopishana mno, kuanzia karibu hakuna hadi zaidi ya nusu. Sababu mojawapo ilielezwa vizuri na mwanasaikolojia Amitai Abramovitch na wenzake: kichwa kilichojaa mawazo ya kulazimika hubakiwa na nafasi ndogo ya kushughulikia mengine, kwa hiyo mtu mwenye OCD tupu anaweza kuonekana hana umakini wakati umakini anao, ila umetekwa. Akitibiwa wasiwasi, umakini hurudi wenyewe. Hatari iliyopo ni kumwandikia mtu kama huyo dawa za ADHD ambazo hakuzihitaji.

Wewe sikuweki kwenye kundi hilo, na sababu yangu ni viatu vyako vya darasa la tatu. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wengi, uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataka dalili kadhaa za ADHD ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea unataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa za kutokuwa makini, au tano kati ya tisa za kutotulia. Wasiwasi wako ulianza ukiwa na miaka 17, lakini ripoti za shule, goti la ustadhi na kurudi pekupeku vyote ni vya zamani zaidi. Kitu kilichotangulia miaka minane hakiwezi kuwa kivuli cha kilichofuata. Waombe nyumbani wakutafutie ripoti hizo, hata wakikuta mbili tu, uende nazo kliniki, maana zina uzito kuliko maelezo utakayoyatoa mwenyewe ukiwa na hofu.

Kuna kipimo kingine unachoweza kukifanya mwenyewe kwa wiki moja. Kila unapogundua kwamba mawazo yameondoka darasani, andika neno moja tu la mahali yalipokwenda. Akili ya ADHD huenda popote: mjusi ukutani, mechi ya jana, bei ya viatu, wimbo. Akili ya wasiwasi huenda palepale kila siku. Karatasi yako ikiwa na neno "kufuli" mara ishirini tutajua jambo moja, na ikiwa na mijusi na makufuli yamechanganyika, tutajua jingine.

Sasa, upi utangulie? Hakuna sheria moja kwa kila mtu, lakini desturi ya wengi wetu ni kuanza na ule unaoharibu zaidi maisha ya kila siku, na kwako wasiwasi unakula saa tatu kutwa, umekunyang'anya sala ya jamaa msikitini na maswali mawili ya mtihani. Ningeanza hapo, huku nikijua kwamba ule mwingine utanivuruga kazi nisipoupangia mapema. Ningekuwa nakuona mtu asiyeweza kukaa dakika tano kwenye kiti cha kliniki, au anayesahau kila miadi, ningegeuza mpangilio.

Matibabu yenye nguvu zaidi kwa OCD bila kidonge ni mazoezi ya kukabiliana na kile unachokihofia huku ukijizuia kufanya tendo la kujituliza. Asili yake haina makuu. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika habari za wagonjwa wawili ambao kila njia ilikuwa imeshindikana kwao. Walikutanishwa na mambo waliyoyaogopa, huku wakizuiwa kurudia yale matendo yao, na wote wawili wakapata nafuu kubwa. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa karibu hautibiki. Kinachofanya kazi ni kwamba hofu, ukiiacha bila kuilisha, hushuka yenyewe, na ubongo hujifunza kwamba unaweza kukaa na shaka bila kuangamia.

Nikueleze jinsi zoezi la udhu linavyokuwa, maana ukilisikia kwa jumla tu utadhani ni kujikaza kisabuni. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni kama theluthi mbili za lita. Tafuta kopo la ujazo huo, lijaze, ufunge bomba, utawadhe kwa maji hayo tu. Yakiisha, udhu umeisha. Kiwiko kitapiga kelele. Andika kiwango cha hofu yako kwa namba kuanzia 0 hadi 10, nenda kasali ukiwa na shaka yako kifuani, na baada ya dakika kumi na dakika ishirini andika tena namba. Siku ya kwanza inaweza kuwa 9, kisha 8, kisha 6. Wiki ya tatu huenda ikaanzia kwenye 5. Huo mteremko ndio dawa, na ukirudia udhu njiani unakuwa umeikata dozi.

Kabla hujaanza, nenda kwa yule sheikh aliyekusomea, umweleze zoezi zima, umwombe akuambie mbele ya mama yako kwamba faridhi ni kukiosha kiungo mara moja na kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Muulize mara moja tu. Ukirudi kumuuliza tena kesho yake, umemgeuza sheikh kuwa kufuli.

Kwa kuwa una ADHD, mazoezi haya lazima yakatwe vipande. Mgonjwa mwingine anaweza kukaa na mtaalamu dakika tisini, wewe omba vipindi vifupi vinavyokaribiana. Fanya zoezi moja kwa wakati, liandikwe kwenye karatasi kabla hujatoka chumba cha daktari, na kengele ya simu ikukumbushe saa yake, kwa sababu nimeona vijana wengi wanaohesabiwa kuwa wakaidi wa tiba kumbe wamesahau tu walichoagizwa. Jambo jingine ambalo mtaalamu wako anapaswa kulijua ni kwamba akili yako inaweza kutoroka katikati ya zoezi. Ukisimama kituoni na shaka ya kufuli huku ukiwaza mpira, hofu haipandi, na kwa hiyo hakuna unachojifunza. Kila dakika chache ijulize hofu yako iko namba ngapi, ili urudi kwenye zoezi. Na ukilichoka zoezi, jambo ambalo litatokea, sema waziwazi kwamba umelichoka ili mbadilishe ngazi, usiliache kimyakimya.

Kwenye kufuli na gesi nitakupa kanuni moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa jibu hili lote: kikumbusho huja kabla ya tendo, ukaguzi huja baada yake. Kikumbusho ni haki ya mtu mwenye ADHD, kama miwani ilivyo haki ya mwenye macho mabovu. Ukaguzi ndio ugonjwa. Bandika kadi kwa upande wa ndani wa mlango, iandikwe kwa kalamu nene: gesi, taa, simu, kitambulisho, funguo. Kabla hujafungua mlango, gusa kila kimoja mara moja. Funguo ziwe na kamba ya shingoni, upende usipende. Kila unapowasha jiko, weka kengele ya dakika kumi kabla hujageuza kitunguu, na ukitoka chumbani maharage yakiwa jikoni, zima moto hata kama unakwenda kununua vocha tu. Kisha toka, funga, vuta kufuli mara moja, ondoka. Mlango ukishafungwa hakuna kadi, hakuna picha, hakuna kumpigia mwenzako. Ukifika kituoni na shaka, panda daladala ukiwa nayo.

Na wewe, mwanangu, unasomea uhasibu, basi ngoja nikurudishe darasani kwako. Mkaguzi wa hesabu hakagui kila risiti ya kampuni. Huchukua sampuli, na anapoweka saini yake anatoa uhakika wa kuridhisha, wala viwango vya kimataifa vya taaluma yenu havimdai uhakika kamili, kwa sababu ukiudai uhakika huo hakuna kampuni ambayo hesabu zake zingewahi kufungwa. Kufuli lako unalidai kiwango ambacho hakuna mkaguzi duniani anayekidai. Kwenye mtihani fanya hivyohivyo: swali lisomwe mara mbili, pigia mstari neno la amri, andika. Ongea mapema na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwako, ukiwa na barua ya daktari, uulize nafasi ipi ipo ya kukusaidia. Barua hiyo huchukua muda, usingoje wiki ya mitihani.

Nije kwenye dawa. Fluoksetini ya miligramu 20 kwa wiki mbili na nusu, tena kwa kurukaruka, bado haijajaribiwa. Kwa OCD dawa za kundi lake, ambazo hutumika pia kwa sonona, mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona, kwa fluoksetini aghalabu kati ya miligramu 40 na 80, na huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema imefanya au haikufanya. Kichefuchefu mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Ulichoacha kukifanya si kosa lako peke yako, mtu alipaswa kukwambia hayo siku ya kwanza. Fluoksetini ina sifa moja inayomfaa msahaulifu: hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kuruka siku moja hakuiangushi tiba, tofauti na paroksetini, dawa ya kundi hilohilo, ambayo ukiikosa mwili huanza kulalamika upesi. Humezwa mara moja kwa siku, na Ramadhani daktari anaweza kukupangia saa ya futari au daku, usiache tu.

Lakini fluoksetini ina kasoro inayokuhusu. Yenyewe na paroksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja atomoksetini, ambayo ni dawa ya ADHD isiyo ya kundi la vichangamshi. Ukizichanganya bila mpango, atomoksetini hupanda katika damu na moyo huanza kwenda mbio. Ndiyo maana daktari anayeona matatizo yote mawili tangu mwanzo anaweza kupenda kuanza na setralini, nayo ya kundi la fluoksetini, ambayo kwa OCD hupandishwa hadi miligramu 200. Ipo pia klomipramini, dawa ya zamani na yenye nguvu, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huuhuu wa OCD. Hiyo huhitaji kipimo cha moyo, na haichanganywi na fluoksetini kiholela.

Methilfenideti ya rafiki yako usiiguse tena. Si dawa mbaya, na haijakatazwa kwa mtu mwenye OCD, maana wapo wengi wanaozimeza zote mbili wakaendelea vizuri. Ila kilichokupata usiku ule kinajulikana: kichangamshi huongeza nguvu ya kukaza akili bila kukuchagulia pa kuikazia, na kwa baadhi ya watu huchochea matendo ya kulazimika. Ningeitaka ije baadaye, wasiwasi ukishapungua, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole, huku mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipimwa na ukiandika kila siku idadi ya kurudi mlangoni. Hiyo idadi ikipanda, dawa inapunguzwa au inabadilishwa. Hukutaja mirungi wala vinywaji vya kuongeza nguvu, nami sikutuhumu, lakini kama vipo katika usiku wako wa kuandika kazi za chuo, mwambie daktari, kwani navyo ni vichangamshi visivyo na dozi.

Lipo onyo moja ambalo halipaswi kufichwa kwa kijana wa umri wako. Dawa za kundi la fluoksetini na setralini, katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, zinaweza kwa vijana wachache kuleta mahangaiko au mawazo ya kujiua. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwa watoto mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalifikisha hadi miaka 24, nawe una 23. Mwenzako wa chumbani ajue, akupeleke hospitali siku hiyohiyo akikuona umebadilika. Mwambie daktari pia kama kuna ndugu aliyewahi kuugua vipindi vya furaha iliyopita kiasi na kutolala, kwa kuwa hilo hubadilisha uchaguzi wa dawa.

Huyo mwenzako ana kazi nyingine. Bila shaka humuuliza, "Nimefunga?" naye hujibu, "Umefunga, bwana." Anadhani anakusaidia, kumbe kila jibu ni picha ya 215. Kubalianeni kwamba kuanzia sasa atakujibu kwa upole, "Hilo ni swali la wasiwasi, silijibu," kisha abadilishe mazungumzo.

Ama mama yako, usiende kwake na neno la Mirembe wala la hospitali ya vichaa, maana neno hilo linamtisha kabla hujamaliza sentensi. Nenda na neno lake mwenyewe. Mwambie, "Mama, ni wasiwasi, ule wa udhu." Hilo analijua, na yawezekana anamjua mzee mmoja mtaani aliyekuwa nao. Mwambie pia kwamba tabibu wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachotibu maradhi ya mwili na ya nafsi kwa pamoja, na ndani yake akaieleza hali hii ya mawazo yanayomrudia mtu bila hiari yake, akailetea njia za kuitibu. Hakuna anayemwomba mama aache kisomo. Aendelee kukuombea, ila asikuitikie anapokuona bombani mara ya tatu kwa kukuambia, "Rudia tu, mwanangu, upate utulivu." Hilo, kwa mapenzi yote aliyonayo, ndilo linalokuumiza.

Hapo Dar es Salaam idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili inaweza kukupokea, na huhitaji kulazwa. Omba upimwe kwa hojaji ya Yale-Brown, iliyochapishwa mwaka 1989, yenye maswali kumi na alama hadi 40, siku ya kwanza na tena wiki ya kumi na mbili, ili msibishane kwa hisia kama umepona au la. Omba pia ile hojaji ya ADHD ya watu wazima yenye maswali 18 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Wiki ya kumi na mbili, wasiwasi ukiwa umeshuka, ijibu tena hiyo ya ADHD, na kile kitakachokuwa bado kimebaki ndicho tutakachokitafutia dawa.

Andika maswali yako manne kwenye karatasi, uikunje uiweke ndani ya ganda la simu, kwa sababu kwenye begi utaisahau. Zile picha 214 usizifute leo usiku peke yako. Zifute kliniki, mbele ya mtaalamu, ukisema namba ya hofu yako kwa sauti, kisha urudi nyumbani bila kupiga nyingine.